Gwaride la Sauti Tatu

"Toa kanda yangu! Itoe ulikoificha, uniwekee hapa kiganjani, na mimi nitanyamaza!"

"Kanda ipi, mama? Mimi mara ya mwisho kuona kanda nilikuwa na meno ya utotoni."

"Usinichezee, kijana. Nimemsikia. Nimemsikia kwa masikio yangu haya, kupitia ukuta huu. Mdogo wangu anaimba chumbani kwako, na mdogo wangu tulishamlilia zamani!"

Afande alikuwa bado yuko ngazi za chini na mfuko wake wa vitunguu, lakini maneno hayo yalimfikia yakiwa mazima. Akaongeza mwendo. Alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi, amekabidhi kila kitu mpaka filimbi, ila jengo lile lilikataa katakata astaafu. Paka akipotea, Afande. Mume akichelewa, Afande. Na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, hakuwa mwanamke wa kukaa ndani wakati kwa jirani kunawaka.

Korido ya ghorofa ya tatu ilikuwa imejaa. Kila mlango ulikuwa na kichwa chake, na mlango wa dereva wa teksi ulikuwa na viwili, cha mkewe na cha mama mkwe wake. Katikati alisimama Mama Mapazia, mshonaji wa chumba cha mwisho, futi ya kupimia shingoni, pini zimechomekwa kifuani kama nishani za vita. Mbele yake, mgongo umegandana na mlango wake mwenyewe, alikuwa kijana mtunzi wa muziki ambaye jengo zima lilimwita Kinanda. Alikuwa mtu mzima wa kujitegemea, mwenye ndevu na asiyelipiwa kodi na mtu, lakini pale alionekana kama mwanafunzi aliyekutwa na jibu la mwenzake.

"Afande, njoo umfunge huyu," Mama Mapazia alisema.

"Afande, njoo uniokoe," Kinanda alisema.

"Kwanza nipokeeni vitunguu." Mke wa dereva akavipokea. "Haya. Aliyeibiwa aanze. Na wewe mama mkwe, ukitaka kuchangia, utanyoosha mkono."

Mama Mapazia akashusha pumzi. "Kanda ya kwaya ya kiwanda cha nguo. Tulikuwa tunaimba mle mimi na mdogo wangu, Chiriku. Akaenda nje na kwaya, akabaki huko, baadaye tukaletewa habari kwamba amefariki. Sauti yake iko kwenye kanda ile tu, hakuna mahali pengine duniani. Leo nashona, namsikia ukutani. Nimeacha pazia la watu kwenye cherehani, nimefungua droo, nimefungua kasha la kanda. Tupu!"

"Umemsikia akiimba wimbo gani?"

"Si wimbo. Aaa. Halafu ananyamaza. Halafu aaa tena, juu kidogo."

"Huyo ni mgonjwa," mama mkwe alisema bila kunyoosha mkono.

"Wewe?" Afande akamgeukia Kinanda.

"Mimi niko kazini tangu asubuhi, nachagua kwaya. Ni mashine, Afande. Ingia uone mwenyewe."

"Mama Mapazia, twende."

"Mimi? Niingie kwa mwizi? Miguu yangu haijui njia ya humo."

Akabaki kizingitini, mikono kiunoni. Afande akaingia na Kinanda tu.

Chumba kilikuwa kidogo, kimepigwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoke. Afande alizifuata trei kwa macho. Zilifunika kuta tatu zikaishia njiani kwenye wa nne, ule wa upande wa Mama Mapazia.

"Hapa vipi?"

"Trei ziliisha. Nikasema jirani huyu cherehani yake inapiga kelele kuliko mimi."

Mezani kulikuwa na kompyuta, kibodi ya kinanda na spika mbili. Kwenye rafu juu zilipangwa redio za kanda za zamani, mbovu zote kwa sura zao, moja haina uso, nyingine imevunjika antena, nyingine mkono wake umezungushiwa kipande cha kitambaa chenye maua.

"Unazifanyia nini hizi?"

"Pambo. Napenda vitu vya zamani." Akashika kichwa. "Nimejimaliza mwenyewe, si ndiyo? Lakini hazifanyi kazi, Afande, hata moja."

"Sijakuuliza kama zinafanya kazi. Kaa. Nieleze hiyo kwaya kama unamweleza hakimu."

Kinanda akakaa. Alikuwa anatunga muziki wa filamu ya stesheni ya reli iliyofungwa: mabenchi matupu, saa iliyosimama, mzee anayefagia jukwaa lisilo na abiria. Mwongozaji alitaka kwaya, na kwaya ya kukodi ilikuwa ndoto. Kwa hiyo alikuwa ananunua kwaya ya kompyuta.

"Waimbaji wanaingia studio," alisema. "Wanaimba noti moja, kisha inayofuata, kwa aaa, kwa ooo, kwa mmm, kwa upole na kwa nguvu. Zote zinarekodiwa, zinapangwa kama vitu dukani. Mimi nikibonyeza hapa, wanaimba ninachotaka, hata kama hawajawahi kukisikia."

"Kumbe ni mashahidi waliotoa maelezo siku moja, na wewe unawahoji kila siku kwa kesi mpya."

"Hapo hapo. Sasa, zipo tatu za majaribio, na jibu linatakiwa leo jioni." Akabonyeza. Sauti ikafumuka chumbani kubwa kama jengo la mawe, watu mia na zaidi, mwangwi juu ya mwangwi. Korido yote ikasema "aah!"

"Hiyo ya harusi ya tajiri," mke wa dereva akaamua.

"Hiyo ndiyo nilikuwa naichukua. Ya pili inaimba maneno. Unaandika, yenyewe inatamka." Akaandika. Kwaya ikatamka kitu kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Watu wakacheka mpaka Kinanda naye akacheka. "Nimeshaitoa. Ya tatu ni ndogo, wanawake wachache, chumba cha kawaida, maikrofoni karibu. Ilikuwa nzuri, lakini ina uchafu."

"Uchafu gani?"

"Kila wakivuta pumzi, kabla yake kuna kishindo. Tup. Nikawaandikia wenye nayo, watu wawili tu na karakana yao huko ng'ambo. Wakajibu kwamba ni mwimbaji wao mmoja wa sauti ya chini, hawezi kuimba bila kugonga mguu. Wakamvua viatu, wakamtandikia zulia, wapi. Mwisho wakaona wamwache na mguu wake."

Afande aliinamia spika. "Na hiyo ya kwanza, unayoitaka, ina kasoro gani?"

"Haina kasoro. Ila..." Kinanda akajikuna ndevu. "Hawapumui. Wanashika noti mpaka kesho. Mwongozaji anasema anataka kwaya ya watu, hataki ya malaika. Ndiyo maana nimekwama, nairudia ile ya tatu tangu asubuhi."

"Vizuri. Usiguse kitu." Afande akatoka koridoni. "Mama Mapazia, unasema umemtambua mtu. Mimi utambuzi bila gwaride siupokei. Geuka. Tazama ngazi. Wengine wote, midomo."

Hivyo ndivyo ghorofa ya tatu ilivyopata gwaride la utambulisho lisilo na mshukiwa hata mmoja mwenye miguu. Mama Mapazia alisimama akiwa amewapa mgongo, mkono kwenye reli ya ngazi. Afande alisimama mlangoni, akawa anamwonyesha Kinanda kwa vidole achezeshe ipi, bila neno.

Ikapigwa ile kubwa.

"Siwajui hao."

Ikapigwa ya pili.

"Huyo anaumwa jino. Msinipotezee muda, maharage yangu yako jikoni."

Ikapigwa ya tatu. Aaa, sauti za wanawake, karibu kabisa, kama wamesimama koridoni pale pale. Zikashuka, zikakatika. Tup. Pumzi. Aaa.

Mkono wa Mama Mapazia uliibana reli mpaka pete ikagonga chuma.

"Huyo."

Afande hakutosheka. Akabadilisha mpangilio, akaifanya ile ya tatu kuwa ya kwanza, tena kwa noti nyingine kabisa. "Huyo." Akaiweka katikati. "Huyo, nimesema!" Akarudi mezani, akamnong'oneza Kinanda, naye akazima kitufe kinacholeta pumzi. Ya tatu ikaimba safi, bila kishindo, bila hewa.

Mama Mapazia aligeuza kichwa nusu. "Ni wao. Lakini mmemziba mdomo. Kwa nini mmemziba?"

Kinanda akakiwasha tena kitufe cha pumzi.

"Swali moja," Afande alisema. "Huyu uliyemsikia sasa, na yule wa kwenye kanda, ni sawasawa?"

"Ni yeye."

"Sikuuliza kama ni yeye. Nimeuliza kama ni sawasawa."

Mama Mapazia alifikiri, na alipojibu hasira ilikuwa imepungua. "Kwenye kanda ni mwembamba. Ni msichana. Huyu amekuwa mzito. Labda ni spika."

"Labda. Nionyeshe droo."

Chumba cha Mama Mapazia kilikuwa na mapazia kila mahali isipokuwa dirishani. Kwenye jiko sufuria ya maharage ilikuwa inalalamika. Afande akapunguza moto kabla hajafanya lolote. Droo ya cherehani ilikuwa wazi. Kasha la kanda la plastiki lilikuwa juu ya vitambaa, na karatasi yake imeandikwa kwa mkono, wino umekuwa rangi ya chai.

Afande hakulishika moja kwa moja. Alilisogeza kwa ncha ya mkasi mpaka kwenye mwanga. Kwenye bawaba kulikuwa na vumbi lililoganda, na lilikuwa limepasuka upya, kama ganda la mkate.

"Leo umelifungua kwa nguvu?"

"Lilikuwa limekaza."

"Kabla ya leo?"

"Sikumbuki. Miaka. Nilikuwa nalishika tu, nalirudisha. Redio ya kuichezea ilishakufa, na kulifungua bila kusikiliza kunauma bure."

"Kinanda amehamia hapa lini?"

"Mwaka jana, mwezi ule mvua ilipoingia kwenye ngazi."

"Basi kanda ilitoka humu kabla yeye hajajua hata mtaa huu. Hiyo redio, ilikuwa ya namna gani?"

"Nyeusi, ya marehemu mume wangu. Mkono wake ulivunjika, nikaufunga mwenyewe kwa kipande cha pazia."

"Cha maua?"

"Umejuaje?"

Afande akafunga droo. "Na ilipokufa, ilikufa na nini tumboni?"

Mama Mapazia aliitazama droo. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, taratibu, kama mtu anayekalia pini.

"Nilimpa fundi," alisema.

Fundi redio alikuwa na kibanda mlangoni mwa jengo, kati ya mita za umeme na ngazi. Alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Redio nyeusi ya Mama Mapazia, mkono una kitambaa cha maua."

"Hiyo ni hadithi ya kale. Mota ilikufa. Nikamwambia spea hazipo, akasema tupa. Sasa fundi anatupa? Ikakaa, ikakaa, mpaka yule kijana wa miziki akaja anatafuta redio za pambo. Nikampa aende nayo."

"Mlango wa kanda uliufungua?"

"Ulikuwa umekwama tangu ililetwa. Kwa nini niupasue, na redio yenyewe maiti?"

"Chukua bisibisi, twende juu."

Njiani fundi alisema kwamba mama yake mzazi alikuwa kiwanda kile kile, idara ya rangi. Utotoni alimjua mama kwa vidole vya bluu. Mke wa dereva, aliyekuwa anashuka kuwapokea ili asipitwe, akasema kwao king'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa; walipokifunga, babu yake aliendelea kuamka wakati ule ule, akikaa kitandani akisubiri sauti isiyokuja. Ghafla kila mtu pale ngazini alikuwa na shangazi wa kiwandani. Afande aliwaacha waseme. Alishajifunza kwamba mtaa ukikumbuka kwa sauti, mpelelezi hufanya vizuri akiwa na masikio tu.

Redio ilishushwa kutoka rafuni. Mama Mapazia alipoona kitambaa cha maua alivuka kizingiti bila kujua kwamba amevuka. Fundi akaingiza bisibisi, akakandamiza, mlango mdogo ukaruka. Kanda ilikuwa ndani.

Kelele iliyotokea ilisikika mpaka barabarani.

"Si nilisema! Si nilisema iko kwake! Mkaniona nimechanganyikiwa!"

"Mama, naapa sikujua!" Kinanda alikuwa amekwisha rangi. "Afande, mimi sijawahi hata kuufungua!"

"Tulieni," Afande alisema. "Iko kwake, ni kweli. Sasa tuone kama imefanya kosa. Fundi, fungua mgongo wa redio."

Skrubu zikatoka. Fundi akainua kifuniko, akatia kidole, akakitoa kimegandwa na kitu cheusi kinachovutika kama lami.

"Hii ilikuwa mpira unaozungusha kanda," alisema. "Umeyeyuka, ukaganda, ukayeyuka tena. Miaka mingi."

"Inaweza kuimba?"

"Afande, hii hata kwikwi haiwezi."

"Na kanda yenyewe inaonyesha kuchezewa kwingine?"

Fundi akaiinua kwenye taa. Alama ya magurudumu ilikuwa imejichapa kwenye vumbi, pale pale ilipolala. "Haijatoka humu tangu iingie."

Afande akafuta mikono. "Basi mmesikia. Kanda ni ya Mama, ilikaa kwa Kinanda bila yeye kujua, na haijatoa sauti. Hakuna mwizi hapa. Kuna redio iliyotolewa ikiwa na abiria ndani."

Walianza kucheka, lakini Mama Mapazia alikuwa amesimama na kanda yake mikononi, hacheki.

"Kama siyo hii," alisema, "basi leo nimemsikia nani?"

Afande akavuta kiti, akamkalisha, akakaa naye goti kwa goti.

"Sasa ndiyo tunaanza. Niambie habari za ule mguu."

"Mguu gani?"

"Tup. Kabla ya pumzi. Umeusikia mara tatu kwenye gwaride na hukushangaa hata mara moja. Wenzako wote wameshangaa."

Mama Mapazia alitazama sakafu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Ule ni wa kiwandani. Kwenye mashine za kufuma hamsikilizani. Mwenzako yuko hapa ubavuni, unapiga kelele mpaka koo linakauka, hakusikii. Kwa hiyo tulikuwa tunakanyagana. Uzi umekatika, unamkanyaga. Msimamizi anakuja, unamkanyaga mara mbili. Mchumba wa mtu anapita dirishani, hapo ni kukanyaga mpaka kucha inatoka." Kicheko kikapita mlangoni. "Tukitoka zamu tumejaa pamba kichwani, vibibi vyeupe vya miaka kumi na tisa, moja kwa moja mpaka bwaloni kwa mazoezi. Mwalimu wa kwaya alitaka sauti isikatike. Tukivuta pumzi wote, wimbo unapata tundu. Basi tukaleta mguu wetu. Wa kwanza anavuta pumzi, anamkanyaga wa pili, wa pili anavuta, anamkanyaga wa tatu. Chini ya magauni marefu, nani ataona? Watu walikuwa wanajiuliza wasichana hawa wana mapafu ya nini."

"Chiriku alisimama wapi?"

"Mwisho wa mstari. Mimi ndiye niliyekuwa namkanyaga. Yeye hana wa kumpa, kwa hiyo alikuwa anagonga chini. Tup, anavuta pumzi, na wa kwanza anajua imefika, aanze upya. Hakuna mwingine aliyegonga. Mwisho ni mmoja."

"Kanda hii ina mguu huo?"

"Haina. Siku ya kurekodi mwalimu alitusimamisha juu ya magodoro ya zahanati."

Afande akamgeukia Kinanda. "Kwaya ya tatu ilirekodiwa lini?"

"Mwaka jana. Imetoka mwaka huu."

"Una hakika?"

"Wameweka na picha za kazi inavyoendelea. Za maikrofoni tu, nyuso hakuna."

"Mama, habari ya kifo ilikuja lini?"

"Mume wangu alikuwa bado mzima. Zamani hiyo."

"Nani aliileta?"

"Mtu aliyetoka huko. Alisema yule msichana wa kwaya ya kiwanda amefariki hospitali."

"Alimtaja jina?"

"Alisema yule msichana wa kwaya."

"Walioondoka na kwaya kwenda nje walikuwa wangapi?"

"Karibu kwaya nzima, ila waliobaki huko..." Sauti yake ikapungua. "Walibaki wanne."

"Kaburi mliliona? Nguo zake mliletewa?"

"Hatukuletewa kitu. Afande, tulikaa chini, tukalia, watu wakaja, wakala, wakaondoka. Nani anamwambia mama yangu angoje uthibitisho?"

"Na barua zake?"

"Zilikuwa zinakuja kiwandani. Kiwanda kikafungwa, nyumba za wafanyakazi zikabomolewa, kila mtu akaenda kwake. Barua ingemkuta nani? Bati?"

Afande alisimama. Alikuwa na kawaida, tangu enzi za kazi, ya kutompa mtu jibu kabla hajalishika yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

"Sisemi kitu," alisema. "Naona tu kwamba kuna mwanamke, mwaka jana, sauti imekomaa, anagonga mguu wa mtu wa mwisho mstarini. Kinanda, hao wenye karakana wana simu?"

"Wanapigiwa kwa kompyuta."

"Piga. Mwambie tunamhitaji mwimbaji mwenye mguu. Basi. Usitaje kiwanda, usitaje dada, usitaje nchi. Nataka utambuzi, sitaki ukarimu."

Kinanda akapiga. Mwanamume mmoja akaitikia kwa lugha yake. Wakaongea, Kinanda akionyesha kwa mikono ingawa huyo mtu hamwoni. Akageuka. "Anasema anakaa ng'ambo ya barabara. Anamfuata. Amecheka, amesema kumbe kuna mtu ameupenda mguu."

Wakasubiri. Simu ya Kinanda ikaita mezani, mwongozaji anataka jibu. Kinanda akailaza kifudifudi. Mke wa dereva alikuwa bado amekumbatia vitunguu. Nje taa za barabarani zilikuwa hazijawashwa, na mwanga wa jioni ulikuwa umeingia mpaka kwenye redio mbovu, ukazifanya zing'ae kama bado zina la kusema.

Kwenye spika mlango ukafunguliwa. Nyayo. Kiti kikavutwa.

Mama Mapazia akataka kusema; Afande akamwekea mkono begani.

"Usiseme neno," alinong'ona. "Fanya lile ambalo wa mwisho peke yake atajua maana yake."

Mama Mapazia akavua kandambili. Akasogea karibu na maikrofoni ndogo ya Kinanda, akainua mguu wake uliochoka na kanyagio la cherehani, akaukandamiza chini.

Tup.

Hakuna kitu. Yule mwanamume akauliza jambo, hakujibiwa. Mama mkwe wa dereva alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono yote miwili.

Kisha, kutoka ng'ambo, juu ya sakafu nyingine: tup. Na pumzi, ndefu, iliyovutwa mpaka mwisho.

"Dada?" sauti ikasema. Ilikuwa nzito, ya mama mtu mzima. "Dada, ni wewe? Umechelewa kunikanyaga. Pumzi iliniishia zamani."

"Chiriku," Mama Mapazia alisema. "Wewe mtoto. Wewe mtoto! Sisi tulikulilia! Mama alikulilia!"

"Mimi niliandika mpaka nikachoka. Nikajua mmekwisha wote."

"Nani amekwisha? Nimekaa hapa nashona mapazia ya watu! Una meno bado?"

"Machache."

"Mimi pia."

Afande akawasukuma watu wote nje, akavuta mlango akauacha wazi kidogo, kiasi cha kutosha kwa mpelelezi. Koridoni kila mtu alikuwa anapangusa macho akisingizia vitunguu, na kwa kuwa vitunguu vilikuwepo, hakuna aliyebishiwa. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi na miwani yake miwili, yote kichwani.

Kinanda, aliyefukuzwa chumbani kwake mwenyewe, aliegemea ukuta na simu mkononi.

"Unamwandikia mwongozaji?" Afande aliuliza.

"Tayari. Nimemwambia nimechagua ile yenye mguu."

"Na uchafu je?"

"Nitaupandisha usikike mpaka kiti cha nyuma."

Walikaa pale mpaka taa za barabarani zikawaka. Ndani walicheka, wakalia, wakanyamaza, na mara moja, kwa muda mfupi, waliimba, wawili tu, wimbo ambao hakuna mtu pale koridoni aliyeujua na wote waliacha kuongea ili waujue. Hata tundu halikuwepo.

Mlango ulipofunguka Mama Mapazia alikuwa mwekundu wa macho, pini zimepinda kifuani, kandambili moja mguuni na nyingine haijulikani iko wapi. Aliwapita wote, akaingia kwake, na wakasikia kifuniko cha sufuria.

"Yameungua chini," alipiga kelele kutoka jikoni, "ya juu yanalika! Mke wa dereva, lete hivyo vitunguu kabla hujavizaa. Fundi, nawa hiyo lami. Afande, kiti chako ni kile cha dirishani."

Wakaingia mmoja mmoja. Kinanda alibaki peke yake koridoni, ameshika kitasa cha mlango wake, hajui kama kesi imekwisha au imeahirishwa.

Kichwa cha Mama Mapazia kikatokeza kati ya mapazia mawili.

"Na wewe, mwizi wangu, unangoja kadi? Ingia ule, mwanangu. Nimekuwekea sahani."